Beseni la Maji na Divai ya Madame

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Placide, mtumishi wa mezani, alibeba beseni la maji, akashuka nalo kwenye chumba cha chini ya nyumba, akafunga mlango nyuma yake. Alikaa humo muda wa kupiga pasi mashati manne. Alipotoka, beseni lilikuwa tupu. Mimi nilikuwa mfuaji wa nyumba ile, na meza yangu ya kupigia pasi ilikuwa kwenye baraza la nyuma, ikitazama mlango huo. Niliona jambo hilo miaka saba na sikuuliza.

Mimi si mtu wa kuuliza. Na Placide hakuwa mtu wa kueleza. Tulisalimiana asubuhi, tukaagana jioni, na katikati kila mmoja alishika kazi yake.

Alizaliwa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, kwa watu wa samaki. Alikuja Likasi zamani, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, akimfuata kaka yake Michel aliyefanya kazi kwenye matanuri ya kiwanda. Kaka huyo aliuawa na lutuku, pombe kali ya mahindi inayopikwa kwenye mapipa. Alikunywa Jumamosi, Jumapili akawa haoni, Jumatatu akazikwa. Placide aliweka mkono juu ya udongo wa kaburi, mbele ya padri na mbele ya mke wake Albertine, akaapa kwamba pombe haitapita midomoni mwake mpaka naye awekwe chini. Watu wengi huapa makaburini. Yeye alishika. Kwenye arusi na matanga alikunywa chai, na watani wake walimpa jina la Papa Chai.

Mwenye nyumba alikuwa Mbelgiji, Monsieur Hanquet, muuza baiskeli na cherehani. Mke wake alikuwa Mfaransa wa Bourgogne, na alipokuja Kongo aliletewa masanduku ya divai nyekundu ya kwao, ya mwaka 1957. Haikuwa divai ya jina kubwa. Placide aliniambia siku moja, bila mimi kumuuliza, kwamba Madame mwenyewe alisema ni divai ya wakulima wa upande wao, divai nyepesi. Madame alikufa kabla sijaanza kazi pale. Tangu hapo Monsieur alifungua chupa moja tu kwa mwaka, siku ya mtakatifu wa jina la mke wake, akainywa peke yake. Chupa nyingine zililala chini ya nyumba. Watu wa mtaani walisema kwamba humo chini Madame bado amekaa. Sikuamini sana, lakini pia sikushuka.

Mwisho wa mwaka 1973 ikaja amri ya serikali: maduka ya wageni yapewe wananchi. Monsieur Hanquet aliondoka na masanduku mawili, akatushika mkono sote uani, akalia. Nyumba na duka vikaenda kwa Citoyen Kisimba, mtu wa chama, mwenye abakosti, suti ya chama isiyo na tai, ya rangi ya majivu na macho yasiyotulia. Alitukuta ndani ya nyumba kama alivyovikuta viti. Juma la kwanza aligonga kuta zote kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Aliamini Mzungu hawezi kuondoka na masanduku mawili tu. Lazima kuna kitu ameficha, na lazima kuna mtu anajua.

Hakuna aliyemwambia Placide aache kushuka na beseni. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alishuka nalo.

Miezi ikapita. Mwezi wa kumi, joto likiwa limebana na mvua haijaanza, Citoyen Kisimba alikuja mpaka kwenye meza yangu ya pasi. Hakuwa amewahi kufika pale.

"Weye, mufuaji," akasema kwa sauti ya chini. "Nani anaingiaka kule chini?"

"Placide, Patron."

"Sema majina ya kwetu. Majina ya Wazungu ilikwisha."

Nyuma ya nyumba tulikuwa bado tunaitana kwa majina ya ubatizo, ingawa serikali ilikuwa imeyakataza. Nikasema, "Ule wa mezani, Patron."

"Anaingiaka na nini?"

"Na beseni."

"Mu beseni iko nini?"

"Maji, Patron."

"Na akitoka?"

Nilitazama pasi yangu. "Akitoka beseni haina kitu."

Alitikisa kichwa mara mbili, polepole, kama mtu aliyepata alichokitafuta, akaenda zake. Nilikuwa nimesema kweli tupu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu kweli ile niliisikia ikigeuka kitu kingine masikioni mwake. Na nitasema yote: ndani yangu pia iligeuka. Miaka saba mtu anaingiza maji, na maji hayarudi. Yanakwenda wapi?

Siku iliyofuata Kisimba aliufunga mlango wa chini, akatia ufunguo mfukoni. Ilikuwa Alhamisi. Placide alikwenda kumwomba.

"Patron, nilisikia Jumapili mutakunywa divai. Ile chupa inaomba isimamishwe siku mbili mbele, uchafu ishuke."

"Siku mbili ya kufanya nini?"

"Ya kutulia tu, Patron."

"Chupa inatulia? Iko mutoto?" Kisimba akacheka bila furaha. "Utashuka Jumapili saa sita, na minye nyuma yako. Mbele ya hapo hapana."

"Na Jumamosi, Patron? Kazi yangu ya chini?"

"Kazi ya Jumamosi ilikwisha."

Placide alipita mbele yangu akirudi jikoni. Alinitazama mara moja, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali bomba linapovuja.

Jumapili walikuja wageni wawili baada ya misa. Mmoja alikuwa ajida wa jandarmeri, askari mnene aliyeweka kofia yake juu ya meza karibu na sahani. Mwingine alikuwa Citoyen Lumbwe, kapita, msimamizi wa mabwawa ya kutolea shaba kule kiwandani Shituru, mwembamba, vidole vyake vimeingia rangi ya kijani isiyotoka kwa sabuni. Mke wa Kisimba, Mama Émérence, alikaa kichwani mwa meza na kitambaa kikubwa cha kichwa. Jina lake jipya la serikali lilikuwa refu na hata mume wake alilisahau. Mimi niliambiwa nivae koti jeupe nibebe glasi, kwa kuwa Placide peke yake hakuaminiwa tena.

Placide alishuka, Kisimba nyuma yake. Walirudi na chupa moja. Hakuisimamisha. Aliileta imelala ndani ya kikapu, upande uleule iliolalia miaka yote, akitembea kama mwanamke aliyejitwika mayai. Akaiweka mezani ndani ya kikapu hicho hicho. Kisha akawasha mshumaa.

"Mushumaa muchana!" Mama Émérence akasema. "Nani alikufa?"

"Ni ya kuona ndani ya shingo ya chupa, Mama," Placide akasema. "Ili nijue pa kusimama."

"Ile njo bufundi," ajida akasema, na hakusema kama sifa.

Placide alizibua bila kuinua chupa. Kizibo kilitoka kirefu na cheusi chini, kimechapwa mwaka. Akaanza kumimina polepole, jicho likiwa kwenye mwali wa mshumaa nyuma ya shingo ya chupa. Glasi ya kwanza ilikuwa ya Kisimba. Sote tuliitazama.

Divai tuliyoijua Likasi ilikuwa ya Wareno, iliyokuja kwa chupa kubwa za kikapu kutoka Angola, nzito, nyeusi, inayoacha alama kwenye meno. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa na rangi ya tofali la zamani, na pembeni kwenye ukingo ilififia kama maji yaliyosuuziwa kitambaa chekundu. Ungeweza kuona vidole vya mtu upande wa pili wa glasi.

Kisimba hakuigusa. Aliegemea kiti, akafurahi. Ndiyo, alifurahi.

"Munaona?" akawaambia wageni. "Munaona batu ba nyumba hii? Alikunywa divai ya Muzungu, akatia maji."

"Patron, minye sinywi pombe," Placide akasema.

"Kuya, mufuaji. Ambia ajida kile uliniambia."

Nilisogea na trei yangu. Ajida alinitazama. Nilijua gereza la Buluo lilipo, kila mtu wa Likasi anajua, na nilijua kwamba kutoka meza ile mpaka Buluo hapakuwa na njia ndefu. Placide alikuwa na miaka karibu hamsini, na Albertine alikuwa mgonjwa wa miguu, na chumba chao kilikuwa cha nyumba ile ile, uani.

"Anaingizaka maji," nikasema. "Kila Jumamosi."

"Beseni nzima?" ajida akauliza.

"Nzima."

"Inatoka je?"

"Haina kitu."

Placide alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua aliniambia mimi, wala si wao: "Ni maji ya magunia, ndugu. Hukuniuliza."

"Magunia gani tena?" Mama Émérence akasema. "Divai inavaa magunia?"

"Monsieur alinifundisha. Kule chini kuna magunia imetundikwa ukutani. Unaimwangia maji, inaleta baridi. Joto ya Likasi inaua divai."

"Na divai inakuwa maji kwa sababu ya baridi?" Kisimba akamwuliza, akipiga glasi kwa ukucha.

Hapo Placide alifanya kitu nisichokitegemea kwa mtu mkimya kama yeye. Alimimina glasi za wengine mpaka akafika pa kusimama, akaacha. Ndani ya chupa ilibaki divai ya kina cha kidole kimoja. Akavuta sahani nyeupe, akaigeuza chupa juu yake. Kikatoka kitu kizito, chekundu kikielekea kuwa cheusi, kikajaa katikati ya sahani kama damu ya kuku. Kisha akainua chupa tupu mbele ya mshumaa. Upande uliolala chini ulikuwa umeshika gamba jembamba, kama kutu, toka shingoni mpaka matakoni.

"Rangi yenu njo hii," akasema. "Hakuna muntu alikunywa. Imelala. Kila mwaka inashuka kidogo. Monsieur alisema divai ya Madame ni nyepesi, ilianza na rangi kidogo, basi sasa imebaki vile munaona."

Kisimba akafungua mdomo, lakini Lumbwe alikuwa amekwisha kuvuta sahani kwake. Akachovya kidole chake cha kijani, akasugua kwa dole gumba.

"Kisimba," akasema, "ngoja kwanza. Kule kwetu Shituru maji ya mabwawa inaingia bluu, bluu sana. Inatoka imepauka. Mwaka wa kwanza nilifikiri batu ba zamu ya usiku banatia maji. Nilibashitaki, wallahi. Bakanicheka. Hapana kuko maji. Shaba njo ilishatoka mu maji, ikashika ku bati." Akapiga chupa kwa kidole. "Bati njo hii."

"Divai haina shaba," Kisimba akasema.

"Haina. Lakini iko na rangi, na rangi iko hapa."

Ajida akasema kwamba magunia ni kitu kinachoweza kuonwa, hakihitaji maneno. Kisimba akatoa ufunguo. Nikaamriwa nishuke na ajida, kwa kuwa mimi ndiye shahidi.

Ndivyo nilivyoingia mahali pale mara ya kwanza. Ngazi kumi na mbili. Hewa iligusa uso wangu kama kitambaa kibichi. Hapakuwa na Madame. Palikuwa na rafu za mbao, chupa zimelala, na ukuta mzima umefunikwa magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa mkonge, mishono midogo, sawasawa. Chini yake palichimbwa mfereji mdogo wa kupeleka maji nje. Kwa nje magunia yalikuwa makavu, kwa sababu Jumamosi ile hakuna aliyeyamwagia maji. Nikaingiza mkono kwenye mkunjo. Ndani kulikuwa na unyevu bado.

"Iko na maji?" ajida akauliza, akisimama kwenye ngazi ya mwisho kwa sababu hakutaka kuchafua viatu.

"Iko na maji, Chef."

Miaka saba. Mkono wangu ulibaki ndani ya gunia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tuliporudi mezani nilidhani mambo yamekwisha. Lakini mashaka ya mtu kama Kisimba hayafi. Ukiyafukuza huku yanazunguka nyumba na kuingia kwa mlango mwingine.

"Vizuri," akasema. "Maji hapana. Rangi imelala, tumesikia. Sasa aonje."

Hapo hata Lumbwe hakumtetea, maana hilo ni desturi yetu sote, mtu wa ziwani na mtu wa shaba. Anayeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya wageni, aondoe ulozi. Hata nyumbani kwa mama yako, anayekupa maji hupiga funda moja kabla ya kukupa kikombe. Kukataa kuonja si utovu wa adabu tu. Ni kusema kuna kitu humo.

"Patron, nililapa," Placide akasema. "Ku kaburi ya kaka yangu. Siwezi."

"Aa!" Mama Émérence akasukuma glasi yake mbali, kitambaa cha meza kikakunjamana. "Ule anayepika ugali na hakuli, ugali ile iko na neno."

"Patron, muulize padri."

"Padri haiko hapa," Kisimba akasema. "Divai iko hapa. Mushumaa muchana, chupa inabebwa kama maiti, na mwenyewe hanywi. Ajida, weye ungekunywa?"

Ajida akachukua kofia yake, akaivaa. Alipoivaa chumba kilibadilika. "Anywe," akasema, "ao twende akaeleze kule kwetu."

Placide alitazama glasi. Akaweka mikono nyuma. Niliona kwamba hatakunywa. Angekwenda Buluo kwa miguu yake na kiapo chake mdomoni, na ni mimi niliyefungua mlango.

"Minye nitaonja," nikasema.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mama Émérence akageuka kutafuta nani amesema.

"Weye haukuleta," Kisimba akasema.

"Alileta glasi," Lumbwe akasema upesi. "Divai mu glasi, glasi mu mukono yake. Inatosha. Kwetu inatosha."

Nilichukua glasi ya Kisimba mwenyewe. Nitakuwa mkweli tena: nilikuwa na hofu. Mkono wangu ulikuwa umeshika unyevu wa magunia, lakini gunia halisemi yote ya mtu, na miaka saba ya kumwangalia mtu kwa jicho la pembeni haiondoki kwa ngazi kumi na mbili. Nilinusa kwanza. Harufu ilikuwa ya msitu baada ya mvua ya kwanza, ya uyoga ule ambao mama zetu huuza kando ya barabara ya Kambove, bado una udongo shinani. Sikutegemea hivyo. Nikanywa.

Kwanza sikusikia kitu. Ilikuwa nyepesi, ilipita juu ya ulimi bila kuukanyaga. Kisha uchachu mdogo ukaja kutoka pembeni, kama wa masuku, matunda yale ya porini, yaliyoanguka na kulala siku mbili chini ya majani. Na mwisho kabisa, nilipokwisha kumeza, ulimi ukakazwa kidogo, kama kwa chai iliyosahauliwa ndani ya birika, na joto dogo likashuka kifuani taratibu. Nilimwona moyoni Madame, nisiyemjua, akitaja jina la kijiji chao. Basi nikaelewa kwa nini Monsieur alikunywa peke yake.

"Unasikia nini mu tumbo?" Mama Émérence akauliza.

"Hakuna kitu, Mama."

"Kichwa?"

"Kichwa iko hapa."

"Tungoje," Kisimba akasema.

Wakangoja. Watu wanne wa chakula cha Jumapili, nyama inapoa, wote wanautazama uso wa mfuaji. Saa ya ukutani ilipiga nusu. Lumbwe alicheka wa kwanza. "Kama anakufa, anakufa akiwa na afya," akasema, akachukua glasi yake, akanywa. Akaitazama glasi. Akanywa tena. Ajida akavua kofia.

Kisimba alikunywa wa mwisho. Alikunja uso. "Divai ya wagonjwa," akasema. "Haina nguvu. Leta bia." Lakini sikumwona akitema.

Placide hakupelekwa popote. Alizima mshumaa kwa vidole viwili, akabeba sahani yenye mashapo kwenda jikoni, na nilipomfuata na glasi alikuwa ameinamia sinki, mikono yote miwili imeshika ukingo. Niliweka glasi pembeni yake. Baadaye kidogo aliniuliza, akiwa bado amenipa mgongo:

"Ilikuwa je?"

Miaka kumi na tano aliitunza na hakuwahi kujua. Nikamwambia yote: uyoga, masuku, chai. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayeletewa habari za nyumbani.

Jumatatu Citoyen Kisimba alinipa mimi ufunguo. Placide, alisema, asishuke tena, maana mtu ambaye haonji haaminiwi. Kwa hiyo Jumamosi ni mimi niliyejaza beseni. Placide alisimama mlangoni juu ya ngazi, hakuvuka kizingiti, akanielekeza kwa sauti: anza kushoto, usirushe, mwaga kwa kiganja, acha gunia linywe lenyewe. Nilipotoka, beseni tupu likiwa kiunoni, Mama Émérence alikuwa amekaa barazani kwenye meza yangu ya pasi. Alilitazama beseni. Kisha akanitazama mimi, jicho moja limefinywa, na nililijua jicho lile.

Nilikwisha kumpita. Nikarudi hatua mbili.

"Ni maji ya magunia, Mama," nikasema, ingawa hakuniuliza. "Kuya uone."